Shangazi na Ukuta Uliogoma Kuvunjika

Katika ukoo wetu mtu mzuri wa sura ni mimi, hilo halina mjadala. Lakini mtu mbishi ni Shangazi, dada yake baba, na kama si ubishi wake mto wetu mdogo leo ungekuwa unakuja kwa ruhusa ya watu. Kwa hiyo nitajisogeza pembeni kidogo, ingawa si kawaida yangu, nimseme yeye.

Shangazi ana mashine ya kusaga nafaka. Wakati ule haikuwa ya dizeli wala ya umeme, ilikuwa ya maji. Mto unaingia kwenye mfereji, mfereji unasukuma gurudumu kubwa la mbao, gurudumu linazungusha jiwe, jiwe linatoa unga. Mji mzima unamwita Mama Unga. Nyusi zake zimekuwa nyeupe tangu akiwa bibi harusi, kwa hiyo siku alipozeeka kweli hakuna aliyegundua. Nilimwambia hivyo siku moja mbele ya wateja. Alinirushia ufagio, akanikosa, akaniambia nirudi nisimame vizuri arushe tena.

Sasa, ili maji yaingie kwenye mfereji lazima uyazuie kidogo. Mwaka waliooana, yeye na mumewe walipanga mawe mtoni, kutoka ukingo huu hadi ule, kimo cha kiunoni. Mumewe alikuwa seremala na sote tulimwita hivyo, Seremala, hata mkewe. Hawakutia saruji. Jiwe lilikaa juu ya jiwe, na katikati waliacha mlango wa mbao za kuchomeka na kuchomoa. Mvua kubwa zikianza, samaki wanapanda mto kwenda kutaga, na Seremala alikuwa anachomoa mbao, anaondoa na mawe, anawaachia njia. Hapo mashine inasimama. Watu wamekuja na magunia kichwani wanakuta kimya, wananuna. Shangazi anawajibu kwamba samaki hawana miguu, ninyi mnayo, nendeni mkasage kwingine.

Seremala alipofariki, Shangazi aliendelea na kazi ile peke yake. Kila mwaka anayatoa mawe, kila mwaka anayarudisha, na akiyarudisha anayasemesha. Wewe ulikaa upande ule, huku umefuata nini? Wewe mnene, yeye alikuwa anakuanzia wewe, usijifiche. Nilimkuta hivyo nikacheka. Nilibebeshwa mawe mpaka jioni.

Mimi sasa. Shule niliachana nayo mapema, tulikuwa hatuelewani. Lakini nipe usukani uone. Walipoanza kujenga bwawa la umeme kwenye mto mkubwa, ule unaopita upande wa pili wa mji na kuungana na wetu huko chini, madereva walijaribiwa kwenye ile barabara ya mteremko, na mimi ndiye niliyeshuka nyumanyuma nikiwa naimba. Wakanipa lori la zege siku ileile.

Kuna jambo la kazi yetu watu wa nje hawalijui. Lori la zege halirudi kulala likiwa na kitu tumboni. Zege likibaki ndani linageuka jiwe, na pipa limekufa. Kwa hiyo msimamizi alituambia lililobaki mwagieni wenye shida, ili mradi si barabarani. Ndiyo maana ukipita mji wetu utakuta bwawa limetawanyika kila mahali. Ngazi za zahanati ni bwawa. Sakafu ya kinyozi ni bwawa. Muuza mboga wa sokoni ana meza ya zege ambayo mkwe wake alijaribu kuihamisha, na mpaka leo anatembea kama anatafuta sarafu chini.

Shangazi akaona haya yote na roho ikamuuma. Mtoto wa kaka yake anamwagia mji mzima, na yeye bado anapanga mawe kwa mikono. Akaniita, akanikalisha, akaniuliza kwa upole ambao ulinitisha:

"Baba, kwani mimi nilikukosea nini?"

Kesho yake nikapeleka lori hadi ukingoni. Tulifunga mbao pande zote mbili za mawe, nikateremsha zege juu yake, likaingia likakaa kama uji mzito kwenye bakuli. Tuliacha ule mlango wa katikati tu. Lilipokauka tulikuwa na ukuta wa maana, laini, unaweza kutembea juu yake na viatu vya sherehe. Nilitembea. Nikawatangazia watu waliokuja kutazama kwamba ukuta ule hautavunjika hata wajukuu wa wajukuu waje na baruti. Shangazi akapigiwa vigelegele na akajipigia vingine mwenyewe. Hiyo ndiyo balaa tuliyojitengenezea, na tuliitengeneza tukicheka.

Bwawa kubwa likaanza kutoa umeme. Taa zikawaka, na Shangazi alikuwa wa kwanza kusifia, wala usije ukasema alikuwa mtu wa kupinga maendeleo. Lakini haukupita muda kampuni ikatangaza inataka bwawa la pili, safari hii kwenye mto wetu mdogo, huko juu kwenye korongo. Mkutano ukaitwa ukumbini. Watu walisema mengi, mimi nilisema mengi zaidi, lakini kilichobaki vichwani ni alichosema Shangazi. Alisimama na aproni yake ya unga akasema:

"Mto mmoja tumewapa, na hatukuwanyima shukrani. Siku hizi ule mto unakuja kwa king'ora. Kikilia, watu wakimbie kutoka majini, kikinyamaza, maji yamekwisha. Huu wangu unakuja wenyewe. Unaleta tope jipya kwenye bustani zenu, unapandisha samaki, hauulizi mtu. Mmoja chukueni. Mmoja tuachieni."

Binti yake ni mwanasheria. Ni binamu yangu, na kwa kuwa ndiye pekee katika ukoo aliyesoma hadi mwisho tunamwita Wakili hata anapoosha vyombo. Ni yeye aliyesema kwamba sheria ya kulinda mito ipo. Mto unaweza kuandikwa kuwa mto huru, na ukishaandikwa hakuna wa kuufunga, awe kampuni au serikali yenyewe. Aliandika maombi, akapeleka, akafuatilia, akapigwa danadana, akarudi tena. Hatimaye kamati ikakubali kuja kuukagua mto, kuanzia chemchemi hadi unapokutana na mkubwa. Sharti lilikuwa moja, kusiwe na ukuta wa kudumu uliokatiza maji. Shangazi akasema hilo si tatizo, sisi hatuna bwawa. Hakuna aliyekumbuka. Naapa hakuna. Ule ukuta tuliuona kama sehemu ya nyumba, kama mtu asivyoona pua yake.

Aliyeona ni Injinia wa bwawa. Huyu alikuwa mteja wa Shangazi, anapenda unga wa jiwe kwa sababu unatoka umepoa, hauungui. Walikuwa wanabishana huku anapimiwa. Yeye hakuficha lake. Kiangazi mto mkubwa unapungua, umeme unakatika, na hospitali wanahangaika na wagonjwa gizani. Dawa ni mbili, kuongeza kimo cha bwawa lililopo au kujenga la pili, na wakubwa zake wanapenda la pili. Shangazi alikuwa anamwambia ongeza kimo, baba, mbona wewe mwenyewe ni mrefu. Naye anacheka, anasema uamuzi si wake. Mto mdogo ukiandikwa, kampuni haitakuwa na njia nyingine, itaongeza kimo. Usipoandikwa, itajenga korongoni.

Wiki ile ya ukaguzi alikuja na gunia lake, akatoka nje kunyoosha mgongo, akafika hadi mtoni. Aliporudi utani ulikuwa umemwisha.

"Mama, ule ukuta ni wa lini?"

"Wa mume wangu. Umekuzidi umri."

"Siulizi mawe, Mama. Nauliza zege. Lile zege nalijua. Ni langu."

Shangazi akanitazama. Mimi nikaanza kukagua paa, kama lina buibui.

Injinia akaeleza taratibu, bila kejeli. Mawe matupu sheria haiyahesabu, kwa kuwa mto wenyewe ukitaka unayasukuma. Zege ni ukuta wa kudumu. Kamati wakiliona, mto haumo, na kampuni itaingia korongoni na karatasi safi mkononi. Alisema hatakwenda kuwasemea, lakini wakimuuliza hatadanganya. Shangazi akamwambia nani kakutuma udanganye, chukua unga wako.

Jioni tukakaa jikoni kwake, yeye, Wakili na mimi. Wakili alishika kichwa kwa mikono miwili. Akasema ataomba wasamehewe, kwa kuwa mashine ni ya zamani na ukuta ni wa familia, labda watakubali, labda watakataa. Mimi nikatoa wazo zuri sana, tupake tope, tupande na majani juu, ng'ombe wapite. Wakili akaniambia kaka, wewe rudi kwenye usukani. Shangazi alikuwa anachambua mchele, hainui kichwa.

"Na ukiondolewa?" akauliza.

Wakili akashusha mikono kichwani. Kisha akasema ukiondolewa, mfereji haupati maji, na mashine imekufa. Halafu, akaongeza kwa sauti ndogo, yale mawe ni ya Baba.

"Sijauliza ya nani. Nimeuliza ukiondolewa."

"Ukiondolewa, Mama, mto unaandikwa."

Akaendelea kuchambua mchele wake.

Kuanzia asubuhi iliyofuata alisaga kama mtu anayefukuzwa. Kila gunia lililokuwa stoo lilisagwa. Waliozoea kuja mwisho wa wiki alituma watu wawaite waje sasa. Mimi nilidhani anakusanya pesa ya kumlainisha mwenyekiti wa kamati, nikampa hata ushauri wa namna ya kuikunja. Aliniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu aliyevaa shati kinyume.

Siku yenyewe kamati walifika, wametembea mto mzima tangu juu, wamechoka, wanaupenda tayari, unaona machoni. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mnene wa buti za mpira na sauti ya mwalimu. Injinia naye alikuwepo, kwa niaba ya kampuni, amesimama upande wa pili wa uwanja. Wakafika kwenye ukuta, wakasimama. Wakili akafungua faili lake, akasafisha koo.

Ndipo Shangazi akatokea nyuma ya mashine. Amevaa suruali ya kazi ya marehemu mumewe, ameikunja hadi magotini, mtaimbo begani.

"Kaa, mwanangu," akamwambia Wakili. "Umesoma vizuri, utatetea wengine." Akamgeukia mwenyekiti. "Mama, mmeukuta mto wangu una pingu. Niliufunga mwenyewe kwa ujinga wangu. Nipeni nafasi niufungue."

Mwenyekiti akaitazama suruali, akautazama mtaimbo. Akasema wao wataandika watakachokiona wakati wanaondoka, si walichokiona walipofika. Akatafuta gogo, akakaa.

Nikavua shati, ili kazi ionekane. Nikachukua nyundo kubwa, nikaingia majini, nikapiga. Nyundo ikarudi kama imekataliwa posa. Nikapiga tena, ukatoka unga kidogo, basi. Vijana wa karibu wakaingia, tukapigana na ukuta ule mpaka mikono ikafa ganzi. Umechubuka kona tu. Shangazi akanijia karibu, maji kiunoni.

"Ulisema hauvunjiki."

"Nilisema, Shangazi."

"Leo kama ungekuwa mwongo ningekupenda sana."

Na Injinia kule ukingoni, badala ya kunyamaza, anasema huo mchanganyiko ni wa bwawa, haupasuki kwa nyundo, aliupima mwenyewe. Yaani mimi na yeye tunagombea sifa za kitu kinachotuangamiza. Jua lilikuwa limeshaegemea upande. Dereva wa kamati akapiga honi. Mwenyekiti akaangalia anga, akaanza kuvaa kofia yake, na Wakili akageuka upande ili tusimwone machozi.

Shangazi hakugeuka. Alizunguka upande wa chini wa ukuta, akainama, akaingiza mkono majini, anapapasa. Akakaa kabisa ndani ya maji, yanamfika shingoni, anapapasa tu. Kisha akaniita.

"Acha kupiga juu. Juu ni penu. Chini ni pake."

Nilichelewa kuelewa, na mimi si mtu wa kuchelewa. Zege tulilimwaga juu na pembeni. Chini kabisa, kule lisikofika, mawe ya Seremala yalikuwa bado yamekaa yalivyopangwa, matupu, bila saruji, yamepangwa na mtu aliyejua kwamba kila mwaka atayatoa. Na Shangazi alijua mumewe alikuwa anaanzia wapi. Akalishika lile nene, akalisemesha kama kawaida yake, toka baba, safari hii hurudi, akaingiza mtaimbo. Likatoka. Akaonyesha la pili. Likatoka. Tukaingia sote, anataja, tunavuta, anataja, tunavuta, kutoka katikati kwenda pande zote mbili. Maji yakaanza kupenya chini ya ukuta yakipiga mluzi.

Akatufukuza wote majini. Yeye akabaki kidogo, akachomeka zile mbao za mlangoni, zote, hadi juu. Watu wakashangaa, anafunga badala ya kufungua. Akapanda ukingoni akajikamua suruali. Mto ukaanza kujaa nyuma ya ukuta. Ukapanda, ukapanda, ukafika kwenye mdomo. Ukuta ukatoa mlio kama mlango wa zamani. Ukainama. Halafu ukalala chali, vipande viwili, na mto ukapita juu yake kwa kishindo hadi buti za mwenyekiti zikalowa.

Sijawahi kusikia watu wakishangilia kiasi kile, na mimi nimeshashangiliwa sana.

Mwenyekiti alingoja watulie. Akasema kwa sauti ileile ya mwalimu kwamba ukuta bado uko mtoni, umelala tu. Ndipo nikamwona Injinia anatoka kwenye lori langu, nililokuwa nimeliegesha kando ya mashine, mnyororo mzito begani, viatu vyake vizuri vinazama kwenye tope.

"Injinia," Shangazi akamwuliza, "wewe si wa upande ule?"

"Zege ni langu, Mama. Nakuja kuchukua mali yangu."

Akaufunga mnyororo mwenyewe. Mimi nikapanda lori, nikarudi nyumanyuma ukingoni nikiwa naimba, kama siku ya majaribio, nikavuta kipande cha kwanza, nikavuta cha pili. Mto ukabaki wazi, unakimbia kwa namna ambayo watoto wa siku hizi hawajawahi kuuona.

Kwenye mashine, mfereji ulikuwa unakauka. Gurudumu likapunguza mwendo, likazunguka mara ya mwisho kwa uvivu, likasimama. Shangazi alilitazama muda mrefu. Alikuwa ameshika ubao mmoja wa ule mlango, ubao alioukata Seremala, maji yaliupeleka hadi miguuni pake. Hakuna aliyemsogelea. Kisha akaupangusa kwa kiganja, akauweka kwapani, akamwambia mwenyekiti:

"Haya. Andika."

Akaandika. Mto wetu umo, na hauondoki humo.

Kampuni ikaongeza kimo cha bwawa kubwa. Zege lake nilibeba mimi, na sifa zake nazipokea muda wowote. Kiangazi kilichofuata hospitali haikukaa gizani hata siku moja, na Injinia alitembea mjini amenyoosha shingo kama twiga. Wakili aliwabana kampuni mpaka nguzo za umeme zikafika kwa Mama Unga kabla hazijafika kwa bosi wao. Jiwe la kusagia ni lilelile, linazungushwa na mota sasa, na Injinia mwenyewe alikuja kuipunguza mwendo ili unga usiungue. Gurudumu la mbao liko palepale, kuku wanalala juu. Ubao wa Seremala umekuwa rafu ya vibaba. Vile vipande viwili vya ukuta ni mabenchi mlangoni pa mashine, na hakuna atakayeyavunja, hilo narudia kusema.

Mvua kubwa za kwanza zilipofika, watu walikuja na magunia shingo upande, wamezoea kukuta kimya. Wakasikia jiwe linaunguruma. Nilikuwepo. Mashine inasaga, na hapo chini samaki wanapita, wengi, migongo inang'aa, wanapanda bila kuombewa njia na mtu. Haijawahi kutokea vyote viwili kwa pamoja tangu mashine ijengwe. Shangazi akatoka mlangoni na nyusi zake nyeupe, akakaa kwenye benchi karibu na Injinia, akatazama.

"Seremala angekuwepo," akasema, "leo angekosa cha kung'oa."

Akacheka mpaka unga ukamwanguka usoni.

Juzi kanisimamisha njiani, kaniuliza kama lori lina kitu tumboni, anataka ngazi ya mlangoni. Nikamwuliza kama ana hakika ni mlangoni, si mtoni. Safari hii ufagio ulinipata.